Picha Mbili za Rumaisa

Wageni walikuwa wameshakaa mkekani, na bado Rumaisa hakuivua ninja iliyomfunika uso wote isipokuwa macho.

Walitazamana. Humo ndani hamkuwa na mwanamume. Bi Khairiya, shangazi yake, aliwamiminia kahawa akajifanya haoni lolote.

"Twataka kuuona uso tu," alisema mmoja wao, gazeti likiwa mapajani. "Watu wasema washinda hata huu wa pichani."

"Siku nyingine, inshallah," alijibu Rumaisa.

Waliondoka wakinung'unika. Mlangoni mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wakishapata uzuri hupata na kiburi. Mwenzake akamtetea: si kiburi, aogopa husuda.

Pale mtaani Langoni hakuna aliyemjua tangu zamani. Alihamia kwa shangaziye baada ya Ramadhani, akitokea Kizingitini, na mtaa ukamjua kwa makala ile tu. Ilijaza ukurasa mzima gazetini, kisha ikazunguka kwenye simu za watu. "Uso Uliozaliwa Upya." Kushoto, picha ya msichana mwenye mabaka meusi mashavuni, ngozi imevimba na kuchubuka. Kulia, msichana yuleyule, uso laini usio na hata chunusi, anacheka. Katikati, kikopo cha krimu iitwayo Zuhaila. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la kampuni iliyodhamini makala.

Herufi hizo hakuna aliyezisoma. Watu walisoma kisa, na kisa kilikuwa kitamu. Nerea, mwandishi aliyetoka Nairobi, hakuwa na sura ya mtu anayeuza kitu. Kule Kizingitini alifika mara mbili, akala wali na mama yake Rumaisa, akauliza, akasikiliza. Rumaisa alipolia mbele yake, naye machozi yalimlenga. "Dunia itauona uso wako," alimwambia, amemshika mkono. "Nakuahidi."

Na maneno ya gazetini yalikuwa ya Rumaisa kweli, hakuna hata moja lililobuniwa. "Nilijificha hata kwa mama yangu." "Mchumba wangu aliniacha." "Kioo nilikifunika kwa leso." Na mwisho wa makala: "Mimi napenda kupigwa picha."

"Waambie, mwanangu," alisema Bi Khairiya walipobaki wawili.

"Niwaambie nini, Shangazi? Wao wameshasoma."

Alasiri akaja Hadil, binti wa jirani, ambaye harusi yake ilikuwa imekaribia. Hakuketi. Aliufungua mtandio wake hapohapo. Mashavu yalikuwa mekundu, yanang'aa kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

"Dada Rumaisa, nimeanza kuipaka. Yaniwasha kama pilipili, usingizi sipati. Aliyeniuzia asema niongeze, ati ndiyo dawa yafanya kazi. Ni kweli? Wewe nawe ilikuwasha?"

"Iliniwasha."

Hadil alishusha pumzi, akatabasamu. "Basi nitavumilia. Siku ya harusi nataka nifanane na wewe." Akaweka kidole kwenye picha ya kulia.

Wale wa asubuhi Rumaisa aliweza kuwaacha waende na dhana zao. Aibu ilikuwa yake mwenyewe, na alishaizoea. Lakini huyu alikuwa amesimama mbele yake na mashavu yale mabichi, anacheka kwa furaha. Usiku atapaka tena. Na kesho.

Alimtazama shangazi yake. Bi Khairiya aliinuka akaufunga mlango.

Rumaisa akaivua ninja.

Hadil alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Aliutazama uso ule uliovimba, akalitazama gazeti, akautazama uso tena. Mabaka yalikuwa yaleyale, mahali palepale.

"Ulipoacha kupaka ndipo yakarudi?" aliuliza. "Eti, Dada? Yamerudi?"

"Hayakurudi," alisema Rumaisa. Alilichukua gazeti, akamwonyesha yule msichana anayecheka. "Hii ndiyo picha aliyonipiga Nerea siku ya kwanza, kabla hajanipa krimu."