Pepo Kwenye Maikrofoni

Pasta alimwinamia Divine, akamwekea maikrofoni kifuani, na kanisa zima la maturubai pale kambini Nakivale likasikia pumu yake ikipiga mluzi kwenye spika.

"Munasikia?" alipaza sauti, macho yakiwa kwa wageni waliotoka Mbarara. "Ile pepo iko inalia! Iko inatoka!"

"Amina!" waumini wakajibu, mama yake Divine kwa sauti kuliko wote.

Divine alimtazama pasta kwa dharau ambayo hata kukosa pumzi hakukuipunguza. Alipopanda madhabahuni kuimba alikuwa mzima. Kifua kilianza kubana pasta alipomkumbatia, na suti yake imelowa marashi kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Mluzi kauleta yeye mwenyewe, sasa anausimamia kama mkunga!

"Tupa ile pompe ya dawa, binti! Imani haina pompe!"

Divine aliitoa mfukoni mwa sketi, akaitikisa. Kichupa kikagongagonga ndani ya plastiki yake ya buluu, na spika zikakirudia. Akatoa pumzi, akaibana pompe kwa midomo, akabonyeza, akavuta polepole. Kisha akaituliza dawa kifuani, bila haraka yoyote, huku pasta akingoja na mkono wake hewani kama mtu aliyesahauliwa na mpiga picha.

Mluzi ukaanza kulegea.

Divine akaisogelea maikrofoni.

"Pasta, rudi nyuma kidogo. Ile pepo ni marashi yako."