Leo Prodige Anaoa

Kichwa cha Prodige kilikatwa kwa mara ya tatu mwaka ule, na mama yake alikuwa ameketi kando, mkoba mapajani, akiangalia.

"Angalia sikio," alisema. "Mara ya kwanza ulimukata kidogo."

Gisèle alisogeza kipanya polepole kuzunguka sikio. Kichwa kikatoka vizuri kwenye picha ya zamani ya kadi ya shule, kikabaki kinaelea katikati ya kioo cha kompyuta. Akakishusha juu ya suti nyeusi.

Kibanda chake cha picha kilikuwa mtaa wa Mabanga, mjini Goma, kati ya kinyozi na mama muuza makaa. Watu walimletea picha ndogo za marehemu wao, naye aliwavalisha nguo nzuri, ili picha itangulie pamoja na msalaba siku ya mazishi. Programu aliyotumia ilikuwa ya bure. Watu asiowajua, wa nchi mbalimbali, waliitengeneza wakaiacha kwenye mtandao, anayetaka achukue. Jean-Bosco kinyozi hakuamini. Alisema mutu akikupa kitu bure, ama amekiiba ama anakutafuta. Kila programu ilipojisasisha na kummalizia Gisèle mega zake zote za intaneti, Jean-Bosco alichungulia na kusema wenyewe sasa wamekuja kujilipa.

Gisèle aliipenda desturi hiyo ya kutoa bure. Kila alichojua alikipata kwa watu ambao hawakumdai kitu, akaona naye arudishe. Alitengeneza miili isiyo na vichwa, tayari kupokea kichwa cha yeyote: kijana wa suti, msichana wa joho, mama wa kitenge. Akaituma bure kwenye kundi la WhatsApp la wenye vibanda vya picha, kuanzia Goma hadi Kiwanja, upande wa Rutshuru. Mwili wa kitenge ulikuwa wa mama yake mwenyewe, Ernestine, aliyekubali kukaa nyuma ya kibanda mikono mapajani. Baada ya kutuma ndipo Gisèle alipogundua kwamba alisahau kumvua saa, ile yenye mkanda ulioshonwa kwa uzi mwekundu. Alikuwa amechelewa kuirekebisha. Tangu hapo wamama wengi walisindikizwa makaburini wakiwa na saa ya Ernestine. Mwenyewe aliposikia alicheka, akasema basi huko mbinguni hakuna atakayechelewa.

Lakini picha ya Prodige haikuwa ya kutangulia na msalaba. Prodige alikufa siku vita vilipoingia mjini. Risasi ilipita kwenye ukuta wa mbao ikamkuta chini ya kitanda, pale mama yake alipomwambia ajifiche. Walimzika haraka. Mama Prodige hakuweka kilio nyumbani, maana kilio kingefika upande wa Rutshuru kabla ya wiki kuisha, na huko kijijini ndiko alikokuwa mama yake mzazi, mzee Nyirakamana, aliyemlea Prodige tangu alipoacha kunyonya. Moyo wa mzee ulikuwa mbovu. Muuguzi alikuwa ameonya kwamba habari mbaya moja ingetosha.

Masikio ya mzee nayo yalikuwa yameziba, simu haikumfaa tena. Alitaka picha tu. Basi Mama Prodige alizituma kwa simu ya dada yake, Niyonsenga, aliyeishi na mzee. Kwanza Prodige na joho la kumaliza shule. Kisha Prodige na shati la kazini. Niyonsenga naye hakuambiwa ukweli. Huyo, Mama Prodige alisema, mudomo wake haujui kufunga.

Na leo Prodige anaoa.

Gisèle aliweka ua jeupe kwenye kifua cha suti. Akauliza bibi harusi watamtoa wapi.

"Sema bado yuko anasukwa nywele," alisema Mama Prodige. "Mama anajua wasichana wa Goma."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha. Gisèle alipaka kivuli chini ya kidevu ili shingo ionekane ya kweli. Alikuwa na swali la siku nyingi, na hakuwa mtu wa kuuliza wakubwa maswali. Aliuliza akiwa anaangalia kioo.

"Mama, utafanya hivi mpaka lini?"

Mama Prodige alimtazama mwanawe aliyevaa suti.

"Mpaka mama yangu atangulie. Nikimuambia sasa, nitakuwa nimemuua na mudomo wangu. Siku akienda, na mimi nitakaa chini nimulilie mutoto wangu." Akafunga mkoba, akaufungua tena. "Sijamulilia bado, Gisèle. Hata siku moja."

Gisèle akahifadhi picha, akaituma kwenye simu ya Mama Prodige. Mama Prodige akaituma kijijini hapohapo, akaketi akisubiri zile alama mbili zigeuke buluu. Ziligeuka.

"Ameipata," alisema, na uso wake ukalegea. "Hata wao wamenikumbuka. Asubuhi Niyonsenga alinitumia picha ya mama, ya kwanza tangu tuvune mahindi. Angalia vile amenenepa. Ni juu ya hizi picha zako."

Akamsogezea simu.

Gisèle aliivuta picha kwa vidole viwili. Mzee Nyirakamana alikuwa anatabasamu. Macho ya Gisèle, kwa mazoea ya kazi, yalifuata ukingo wa sikio, yakashuka shingoni, begani, mpaka kwenye mikono iliyotulia mapajani.

"Si amependeza?" aliuliza Mama Prodige.

Mkononi mzee alivaa saa, na mkanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu.