Mahabusu wa Meli ya Doria

Afisa alisimama mlangoni pa kibanda, na kibanda kilikuwa na mlango mmoja tu.

"Wewe ndiye Amolo?"

Hapo Soko la Toi hakuna aliyemjua kwa jina hilo. Kwa miaka sita alikuwa Ouma, fundi wa viatu. Hakukubali kupigwa picha. Hata mamake alipofariki kule Siaya, alimlilia chumbani Kibera, mto mdomoni, naye mama akazikwa bila yeye.

"Hapana, madam. Mimi ni Ouma." Sindano ilimdunga kidole.

"Mimi naitwa Magdaline. Natoka kikosi cha doria ya ziwa. Binamu yako Seline ndiye amenielekeza." Akatoa karatasi mkobani. "Meli yetu inastaafu mwezi ujao, nami naandika historia yake. Hebu sikiza."

Akasoma: mwaka meli ilipoanza kazi, wavuvi kumi na wanne iliowaokoa kwenye dhoruba, nyavu haramu ilizonasa. Amolo alitazama mabati yaliyokuwa nyuma yake. Hata paka hangepenya.

"Ouma, niaje! Kiatu yangu iko tayari?" mteja akaita kutoka njiani.

"Kuja kesho," akajibu.

Magdaline aliendelea. "'Mwaka wa tano tulimkamata kijana aitwaye Amolo, akishukiwa kuvusha mafuta ya magendo. Asubuhi ya pili, meli ikashika moto.'"

Hayo Amolo hakuhitaji kusomewa. Moshi aliujua. Aliujua mlango wa selo ulivyofunguka ghafla, nahodha akaanguka kizingitini, hajitambui. Alimburura hadi juu kwenye hewa, kisha akajitosa ziwani na kuogelea bila kugeuka nyuma.

Aliweka kiatu chini, akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi, madam. Nimechoka kujificha. Nifunge pingu, twende."

Magdaline alimtazama, karatasi zikamlegea mkononi.

"Pingu za nini? Kumbe hakuna aliyekuambia?"

Akatoa daftari la meli, kingo zake zimeungua, akalifungua na kumwekea magotini. Mstari wa mwisho kabla ya moto ulikuwa wa mkono wa nahodha mwenyewe:

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mahabusu hana kosa. Nashuka kumfungulia aende kwa mamake."