Robo Tu, Mwinyimvua

Mwinyimvua alikuwa fundi wa malori miaka thelathini, na mkono wa lori haujui kubembeleza. Ndiyo maana asubuhi ya mashindano, akibadilisha vifungo vya boneti ya kigari chake cha mbio, chepesi kama ungo, alikuwa amekwisha kuvunja viwili. Vilibaki vinne, na boneti ilitaka vinne. Mkaguzi alikuwa amebakiza magari mawili amfikie. Alivuta kila boneti kwa mikono yake, na gari ambalo boneti yake ilichomoka lilirudishwa nyumbani.

"Vifungo vyenyewe vibovu," alinung'unika.

"Vibovu vidole vyako," alisema mkewe, Bi Sikudhani, aliyeketi juu ya tairi akitafuna karanga. "Kinataka robo mzunguko tu, wewe unakikaza kama unamnyonga mwizi."

"Robo haishiki kitu, mama watoto."

"Mimi hukunifunga hata kwa uzi, na mwaka wa ishirini na saba huu sijachomoka."

Mwinyimvua alicheka, na kicheko kikamlegeza mkono. Akabonyeza kifungo kwa bisibisi, akazungusha robo. Kikalia ta. Mkono ukamwasha kuongeza kidogo, basi akampa mkewe bisibisi aishike mpaka umpoe. Wakaenda hivyo hadi cha nne.

Mkaguzi akafika, akaikamata boneti, akavuta kwa nguvu zake zote. Boneti haikutoka. Iliyoinuka ni pua nzima ya gari, na yule bwana akabaki ameikumbatia, akiwatazama mume na mke, asijue aitue vipi.