Viatu vya Ngazini

Katika mji ule wa maombi chini ya milima, kila apandaye boti la mpira kushindana na mto huacha viatu kwenye ngazi za kushukia mtoni. Asiporudi, haviguswi na mtu mpaka mama yake aje kuvichukua. Hapo ndipo kengele ya msiba hupigwa.

Bi Rehani alifika miezi mitatu baada ya mwanawe kupanda boti na kutorudi.

"Dada yangu, mji mzima tunavijua hivyo," Chiku, muuza chai, alimwambia. "Hata mbwa huvikwepa. Vichukue, mwanao apumzike."

Mpiga kengele akainua mkono.

Bi Rehani akaviokota, akavikung'uta mchanga, akalegeza kamba. Kisha akavirudisha palepale, visigino vikiuelekea mto, ili atokaye majini avivae moja kwa moja.

Mkono wa mpiga kengele ukabaki juu.