Usukani Upande wa Kulia

Bolti ya mwisho ilipoachia, usukani wa gari lake la zamani, Mustang, ulimwangukia mapajani pamoja na mhimili wake mzima. Akaukumbatia, akazunguka nao hadi upande wa pili, akaupima kwenye tundu alilokata mbele ya kiti cha abiria.

Mlango wa gereji ukafunguka. Gakii, mkewe, alisimama pale na sare yake ya hospitali, sahani ya chapati mkononi.

“Si hicho ni kiti changu?”

“Nilikuwa najaribu tu.”

Gakii akainama, akapitisha kidole kwenye kingo za tundu. Zilikuwa zimepigwa msasa zikawa laini. Hiyo ilikuwa kazi ya wiki nyingi, ya zile saa Gakii alipokuwa zamuni.

Hapa Garland, ughaibuni, hakuna anayeendesha gari akikaa kulia. Nyumbani Kenya, kila mtu.

“Kwa hivyo unarudi,” Gakii alisema. “Na hukuniambia.”

Mumewe alitazama grisi viganjani mwake.

Gakii aliweka sahani juu ya boneti. Akaenda upande wa kushoto, akaketi palipokuwa na usukani, akafunga mkanda.

“Haya,” alisema. “Endesha.”