Kompyuta Iliyofutika Herufi

Muuzaji wa Mwananyamala aliweka kompyuta mbili mezani, bei ile ile: mpya, nyepesi, ya plastiki, na ya mtumba, nzito kama tofali.

"Chukua mpya, mama. Hiyo ya mtumba hata herufi zimefutika."

Zubeda alifumba macho, akapapasa vitufe vya ile mpya. Vyote vilikuwa laini kama sabuni. Akahamia kwenye ya mtumba. Kidole kikagota kwenye kinundu kidogo, kisha cha pili: vile vinundu vya F na J ambavyo mumewe, mpiga taipu kwa miaka thelathini, huviita nyumbani kwa vidole.

"Nifungie hii."

"Na herufi je?"

"Mzee wangu haoni tena, mwanangu," alisema akitabasamu. "Na alipokuwa anaona, hakuziangaliaga."